Taa za Nyuma Haziwaki

Mkunga alikwisha kufunga mkanda wa kiti na kuuweka mkoba wake mapajani. Alikuwa amejiapiza kwamba hatalitazama dirisha la Mwalimu. Maisha yake yote yalikuwa nyuma yake, yamepangwa ndani ya buti na kwenye kiti cha nyuma mpaka yakagusa dari: masufuria, mashuka, cherehani, beseni lililojaa viatu, na mto ambao marehemu mumewe aliulalia mpaka mwisho. Chumba alikwisha kukifagia. Kilichobaki ni gari kuwaka, waondoke.

Gari halikuwaka.

Bintiye alibonyeza kitufe mara ya pili. Taa za dashibodi zikawaka, redio ikaanza kuongea, feni ikawapulizia upepo wa baridi usoni, lakini injini haikutoa hata kikohozi. Akabonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa kidole cha shahada, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu ndani.

"Asubuhi lilikuwa zima kabisa," alisema.

Mkunga aliegemeza kichwa kwenye kiti. Alikuwa na uchovu ule ambao hauondoki kwa kulala. Mwezi uliopita alistaafu kazi ya kuzalisha, miguu imevimba, mgongo haukubali kunyooka wote kwa pamoja, akitumaini kwamba sasa ataketi. Badala ya kuketi, alikuwa anahamishwa.

Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuwa mhasibu katika mji wa mbali. Alikuwa na mume ambaye kazi yake ni safari, na mtoto mchanga asiyejua tofauti ya usiku na mchana, ambaye kwa safari hii alimwacha kwa jirani. Alikuwa amesema wazi kwamba mama yake hawezi kuzeeka peke yake, na kwamba safari hii anakuja kumchukua moja kwa moja. Asichokisema wazi, ingawa kila mpangaji wa ile nyumba ndefu alikijua, ni kwamba mama yake hakuwa peke yake. Chumba cha mwisho alikaa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha watu udereva. Alikuwa mgane, mtu wa shati lililopigwa pasi, wa maneno machache na utaratibu mwingi. Wanafunzi wake walimwigiza nyuma ya mgongo wake: tazama kioo, toa ishara, tazama kioo tena. Jioni baada ya jioni yeye na Mkunga waliketi barazani wakinywa chai. Yeye alisimulia habari za mwanafunzi aliyeparamia ukuta wa polisi. Mkunga akasimulia za mtoto aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na dereva akazimia. Hawakuwahi kushikana hata mkono. Lakini siku Mkunga alipochelewa kazini, chai ya Mwalimu ilipoa kwenye kikombe bila kuguswa, na majirani waliiona.

Kisha Mwalimu akaharibu. Alivaa koti lake, akapanda basi, akaenda mpaka nyumbani kwa Bintiye, akaketi kwenye ukingo wa kochi na kuomba ruhusa ya kumwoa mama yake. Mama mwenyewe, Mwalimu alikuwa hajamwambia neno hata moja. Bintiye alimkaribisha soda, akamsikiliza, akamjibu hapana kwa adabu, na kabla basi la Mwalimu halijafika nusu ya njia ya kurudi, alikwisha kumpigia mama yake simu. Mkunga alizipata habari za posa yake akifua nguo, simu ameibana begani, mikono imejaa povu.

Tangu siku hiyo hapakuwa na chai barazani. Jana Mwalimu alikuja mlangoni kwake, akasimama, akasema amesikia anaondoka. Mkunga alimwambia kwamba amesikia vizuri, kisha akafunga mlango upesi, maana angeutazama ule uso mlango ungemshinda.

Sasa gari lilikuwa limekaa mbele ya ile nyumba, na watu walianza kukusanyika. Wa kwanza alikuwa muuza dawa wa duka la ng'ambo ya barabara, ambaye alisema ni betri. Wapita njia wawili waliunga mkono kwamba ni betri. Boneti ikafunguliwa, betri ikatazamwa kwa heshima, waya zikatikiswa, boneti ikafungwa. Muuza dawa akakumbuka kwamba magari ya siku hizi yana betri nyingine ndani ya rimoti, akaenda dukani kwake akarudi na kijibetri cha duara cha mashine ya kupimia sukari. Kikaingia barabara, lakini gari likabaki vilevile. Bintiye akajaribu kuitoa gia mahali pake, ikagoma. Akajaribu kupiga simu kwa aliyemuuzia gari, ikaita mpaka ikakata. Mwisho mmoja wa wale wapita njia akapendekeza kwamba walisukume, na wanaume wakaanza kukunja mikono ya mashati.

Hapo ndipo mlango wa chumba cha mwisho ulipofunguka.

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani tangu alfajiri, viatu miguuni. Alikuwa amewatumia wanafunzi wake ujumbe kwamba anaumwa, na hakuona kama amedanganya sana. Nia yake ilikuwa kulisikia gari likiondoka, kisha alale mpaka jioni. Alivumilia mlio wa kile kitufe, akavumilia habari za betri, lakini aliposikia neno kusukuma, aliinuka.

Aliwaambia wale wanaume, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba gari la gia za namna ile haliwaki kwa kusukumwa hata wakilisukuma mpaka mji wa pili. Walibishana naye kidogo ili wasionekane wameshindwa haraka, kisha jua likawasaidia kukubali, wakatawanyika. Muuza dawa naye akaitwa na mteja. Wakabaki watatu.

"Shikamoo," Bintiye aliuamkia usukani.

"Marahaba," Mwalimu akaliitikia tairi.

Mkunga, aliyekuwa ameshuka na kuegemea mlango, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu alimgeukia yeye. Alisema kwamba haya magari mapya hayajui; gari lake la kufundishia huwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, na likikataa hupigwa teke. Anachoweza ni kufuata hatua zile zile anazowafundisha watu siku ya kwanza, moja baada ya nyingine. Je, Mkunga anaweza kumuuliza binti yake kama gia iko kwenye alama ya kuegesha? Mkunga alizunguka akamuuliza. Bintiye alimwambia mama yake amwambie Mwalimu kwamba ipo. Mkunga akarudi. Je, rimoti inatambuliwa? Akaenda. Inatambuliwa, alama yake haionyeshi kosa. Akarudi. Basi akanyage breki, na yeye Mwalimu atakwenda kusimama nyuma atazame taa, kwa sababu hakuna dereva anayeweza kuziona taa zake za breki mwenyewe. Mkunga akaenda mbele, mkono mmoja juu ya paa la gari ili apate pa kujishikiza.

"Kanyaga breki."

"Mwambie nimekanyaga."

Akaenda nyuma. "Amekanyaga."

"Mwambie aachie, akanyage tena."

Alifika katikati, usawa wa mlango wa nyuma, pale beseni la viatu lilipobanwa kwenye kioo, akasimama. Hakwenda mbele wala hakurudi nyuma.

"Nimechoka," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi si waya wa simu. Wewe una masikio na yeye ana masikio. Mkitaka kuongea, ongeeni. Hamtaki, acheni gari lioze hapa."

Akaenda kuketi kwenye ukingo wa baraza, akavua kiatu kimoja.

Redio ndani ya gari ikazimwa. Kisha kichwa cha Bintiye kikajitokeza dirishani.

"Nimekanyaga, Mwalimu."

"Achia, binti yangu. Haya, kanyaga tena. Kanyaga sana."

"Nimekanyaga mpaka mguu unauma."

"Haziwaki."

"Ipi haiwaki?"

"Hakuna inayowaka. Hata ile ya juu ya kioo."

Bintiye aliuliza maana yake ni nini. Mwalimu alisogea mpaka dirishani, akainama, akamweleza pole pole kwamba gari kama hili halikubali kuwaka mpaka lijue mguu uko kwenye breki. Mguu uko, lakini mahali fulani pale juu ya pedeli habari inakatika. Taa hazijui kama breki imekanyagwa, injini haijui, na ndiyo maana hata gia imekataa kutoka.

Bintiye alikitazama kioo kidogo cha dashibodi. Kilikuwa kimeandika tangu asubuhi, kwa herufi nyeupe, kwamba akanyage breki.

"Kinaniandikia hivyo kila siku," alisema. "Nilidhani ni salamu."

Mwalimu nusura acheke, akakumbuka hali ilivyo, akajizuia. Bintiye ndiye aliyepata wazo la kukitoa kitabu cha gari kwenye kisanduku cha mbele. Akakisoma kwa kidole, kama wahasibu wasomavyo, mpaka akafika penye maelezo ya dharura: kitufe kikibonyezwa bila kuachiwa kwa muda mrefu, mguu ukiwa kwenye breki, injini huwaka hata kama swichi ya breki imekufa. Akabonyeza na kushikilia. Gari likatetemeka, likawaka.

Mkunga aliusikia ule mlio. Alikivaa kile kiatu.

Bintiye aliendelea kusoma, uso umechangamka. Kitabu kilisema kuna kitundu kando ya gia. Ukikichokonoa, gia inaachia. Alikuwa ameshachomoa pini ya nywele wakati Mwalimu alipoweka mkono juu ya mlango.

"Hapo nakuomba usimame," alisema. "Gia itatoka, sibishi. Lakini nyuma hamna taa. Mtakuwa kwenye barabara kuu, lori liko nyuma yenu, wewe unafunga breki, yeye hana habari."

"Nitakwenda taratibu."

"Ukienda taratibu ndiyo utafunga breki mara nyingi zaidi."

Bintiye aliutazama ule mkono juu ya mlango wake. Alikuwa ameendesha tangu jana, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka wekundu. Alisema anamwelewa Mwalimu vizuri. Alisema kwamba mtu akitaka jambo lisitokee, hakosi sababu, na sababu ya leo imekuja na taa zake.

"Ningekuwa natafuta sababu," Mwalimu alijibu, "ningekaa ndani, nikawaacha mlisukume mpaka jioni."

Mkono wa Bintiye haukuiachia ile pini. Mkunga aliinuka barazani. Alipita kati yao bila kumtazama yeyote, akaenda nyuma ya gari, akasimama kwenye moshi mwembamba, akamwambia mwanawe akanyage breki. Akatazama. Zile plastiki nyekundu zilibaki zimekufa. Akamwambia aachie, akanyage tena. Akainama, akakinga jua kwa kiganja ili asijidanganye.

"Zima gari, mwanangu."

"Mama, unamwamini huyu?"

"Nayaamini macho yangu. Zima."

Fundi wa umeme wa magari alipatikana kwa simu ya muuza dawa. Jina lake halisi alilijua mama yake mzazi tu. Mtaani aliitwa Fyuzi. Alipoelezewa alicheka, akasema ni kijiswichi kisichozidi kidole gumba, kimeoza ndani, hana budi kukitafuta kwanza kwenye maduka ya vipuri, na wamtarajie jua likishageuka. Hapakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Bintiye alilaza kiti cha gari akalala, mdomo wazi, mkono umeangukia kwenye gia. Kabla ya kulala alimwambia mama yake jambo moja, akiwa amefumba macho ili iwe rahisi. Alisema kwamba tangu mtoto azaliwe hajalala usiku mmoja mzima. Alisema wakati mwingine humweka kitandani analia, anakwenda kusimama chooni na kufungua bomba ili asimsikie. Hakumwambia mumewe. Mkunga alimfunika kwa khanga iliyokuwa juu ya mizigo, akamtazama kwa muda mrefu. Kwa macho ya kazi yake aliona kila kitu: midomo iliyokauka, nywele zilizofungwa bila kuchanwa, blauzi iliyolowa maziwa upande mmoja. Kumbe alikuja kutafuta mtu wa kumpokea mzigo, akaona aibu kuomba, akasema ni kwa ajili ya uzee wa mama.

Aliporudi barazani, Mwalimu alikuwa ameketi mwisho mwingine wa ukingo, ameacha nafasi ya kutosha watu wawili katikati yao. Walitazama barabara. Mtu alipita na baiskeli iliyobeba mlango.

"Nilikosea," Mwalimu alisema. "Hilo nalijua. Nilidhani ni heshima. Baba yake hayupo, nikasema niende kwa mkubwa wa nyumba."

"Mkubwa wa nyumba ni nani, Mwalimu?"

Mwalimu aliinamia viatu vyake.

"Nimemzaa mimi," Mkunga alisema. "Nimemfundisha kunawa mimi. Leo mtu anapanda basi kwenda kwake kuniomba mimi, kama anaazima ngazi."

"Nilitaka kufuata utaratibu."

Mkunga alikuwa na hasira iliyokaa siku nyingi mpaka ikachoka, ikawa kama maumivu ya goti, mtu anayazoea. Aliongea taratibu.

"Kazini walikuwa wanamleta mama mjamzito, amezungukwa na watu. Mama mkwe, wifi, mume. Nikimuuliza uchungu umeanza lini, mama mkwe anajibu. Nikimuuliza mtoto anacheza, wifi anajibu. Anacheza sana, anasema wifi. Kana kwamba yumo tumboni mwake yeye. Unajua nilikuwa nafanya nini?"

"Sijui."

"Nawatoa nje wote. Hata awe mama mkwe wa mkubwa gani. Nafunga mlango, halafu namuuliza mwenyewe. Wengine wakiulizwa hulia kabla hawajajibu, kwa sababu siku ile ndiyo mara ya kwanza."

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha ikiwa chafu kuliko mwanzo. Mkunga alimwona kwa pembe ya jicho. Aliona jinsi kola ilivyomlegea shingoni. Hakuwa anakula vizuri huyu mtu.

"Si utaratibu tu," Mwalimu alisema mwishowe. "Niliogopa. Mtoto akikataa, nilisema moyoni, bado nina jioni zangu na wewe. Lakini wewe ukikataa, nimebaki na nini? Nitatokaje kesho kukusalimia? Kwa hiyo nikaenda kuulizia pale ambapo jibu haliniui."

"Basi ulipata hapana ya mtoto, na mimi ukanikosa vilevile."

"Ndiyo."

Alisema ndiyo ile bila kujitetea, na Mkunga akahisi kitu kifuani kikilegea kidogo, kama mkanda uliobana tangu asubuhi. Alitaka kumwangalia. Alipomwangalia, naye alikuwa anamwangalia, na hakuna aliyegeuza macho haraka kama walivyozoea. Mwalimu alifungua mdomo. Pikipiki ikaja ikasimama mbele yao kwa kelele, na Fyuzi akashuka akiwa ameshika kijiswichi juu kama aliyeshinda kombe.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Fyuzi alimwamsha Bintiye, akamwita dada, akamwomba apishe. Kisha alijiingiza kichwa chini miguu nje, na kutoka huko chini akaanza maswali. Nani anahama? Mama? Anahamia kwa mtoto? Vizuri sana, alisema, yeye mama yake alihamia kwake, sasa ndiye anayemwambia saa ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyecheka, akaendelea kufanya kazi akiimba kwa pua. Alipotoka alikuwa na alama ya pedeli kwenye paji la uso. Akamwambia Bintiye akanyage. Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma akasema zinawaka, zote, na ya juu pia. Kitufe kikabonyezwa mara moja tu na injini ikaitika kana kwamba haijawahi kukataa. Fyuzi akapokea chake, akawatakia safari njema, akaondoka na kelele zake.

Sasa hapakuwa na kisingizio cha mtu yeyote. Gari lilikuwa zima, barabara ilikuwa wazi, na Bintiye, mikono kwenye usukani, alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuitumia tangu afike:

"Mama, twende. Jua linatukimbia."

Mkunga alitembea mpaka kwenye mlango wa gari. Alikuwa ameamua neno moja: hatafungua yeye mdomo kwanza. Kama mtu huyu atasimama pale amuage kwa mkono, atapanda, atafunga mkanda, na safari hii atalia njiani kimya kimya mpaka wafike, basi. Aliushika mlango. Akaufungua nusu.

"Mkunga."

Hakugeuka.

"Binti yako yupo, anasikia," Mwalimu alisema, "lakini simuulizi yeye. Nakuuliza wewe."

Alikuwa amekuja karibu. Mikono yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tayari kuukamata usukani wa mtu mwingine kila hatari ilipotokea, ilikuwa inaning'inia tu.

"Nataka tuoane. Tukae pamoja, tuzeeke pamoja, huo uzee uliobaki. Sijui kusema maneno ya vijana. Wewe unataka?"

Injini ilinguruma taratibu. Muuza dawa ng'ambo ya barabara alikuwa ameacha kumhesabia mteja vidonge. Mkunga aligeuka, akaegemea gari kwa mgongo wake wote.

"Nimechoka sana leo," alisema. "Sina nguvu ya kukujibu vizuri kama inavyotakiwa."

"Sawa," Mwalimu alisema, na uso wake ukaanza kujifunga.

"Sijamaliza. Ningekuwa na nguvu ningekusumbua kwanza, ujue ulichonifanyia. Lakini nataka. Nilitaka hata kabla hujapanda lile basi lako."

Mwalimu alisogea hatua moja. Alinyoosha mkono akaushika mkono wake, pale barabarani, mchana, mbele ya duka la dawa. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. Walisimama hivyo kama watu waliofika mwisho wa ngazi ndefu na kukuta kuna pa kuketi.

Bintiye alizima gari. Alikaa akitazama mbele, na machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Na mimi, mama?"

Mkunga aliuachia ule mkono, akainama dirishani.

"Na wewe nakuja. Leo hii. Nitakaa kwako mpaka mwanao ajifunze kulala na wewe ujifunze kulala. Mumeo akirudi safari nitakuwa na neno naye. Nikimaliza, utanirudisha nyumbani."

"Kwa hiyo huhamii?"

"Sihamii. Nakuja kukusaidia, na ungesema hivyo tangu mwanzo ningekuja kwa basi."

Bintiye akacheka huku akilia, akajifuta kwa khanga. Alisema hakujua kwamba inaruhusiwa kusema. Mkunga alimwambia sasa anajua.

Ufunguo wa chumba ulikuwa bado mkobani. Alipaswa kuwa amempa mwenye nyumba tangu asubuhi. Buti likafunguliwa. Waliteremsha mizigo yote isipokuwa begi dogo la nguo, na kazi ile ilikuwa nzito kuliko ya kuipakia, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameishiwa. Muuza dawa alikuja kusaidia, hasa ili asikie zaidi. Mwalimu na Bintiye walibeba cherehani pamoja, mmoja huku na mmoja huku, wakipita mlangoni ubavu ubavu, wakaonyana kuhusu kizingiti. Walipoiweka chini, Bintiye alinyoosha mgongo akakiangalia kile chumba kidogo, kisha akachungulia nje kuelekea kile cha mwisho. Kichwa cha mhasibu kilikuwa kimeanza kazi.

"Sasa Mwalimu," alisema, "mtakaa wapi? Kwako au kwa mama? Maana vyote viwili havitoshi. Au mtatafuta nyumba nyingine?"

Mwalimu alikuwa na jibu. Alikuwa amelifikiria mara nyingi, hata vipimo vya kitanda alikuwa navyo. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Muulize mama yako," alisema.

Wakatoka wote wawili mpaka garini. Mkunga alikuwa amekwisha kuketi, viatu amevua, kiti amekilaza mpaka nyuma, mikono juu ya tumbo. Aliwasikia wakija. Aliwasikia wakisimama dirishani, na Bintiye akilirudia lile swali tangu mwanzo, kwa utaratibu.

"Nimesikia," alisema bila kufumbua macho. "Nitawajibu nikiamka."